Ndoo Kwenye Ngazi ya Bwawa

Bwawa la kuogelea la nyuma ya nyumba lilikuwa limegeuka makao ya vyura, na mzee alikwisha kata shauri: lijazwe udongo, apande mboga, yaishe. Mkewe hakutaka kusikia. Tangu apasuliwe nyonga alikuwa akitembea kwa kushika kuta, na daktari alimwambia atembee majini, mguu utarudi. Mzee akamjibu kwamba hata beseni lina maji. Kwa ubishi, mzee hajambo! Walivutana weee, mwishowe wakaafikiana: fundi atengeneze, ajaze, apime. Likivuja, udongo.

Fundi akaja, mtu wa maneno mengi na mikono myepesi. Akavuta yale maji ya kijani, akasugua utelezi kutani, akabandika vigae vilivyobanduka, akabadilisha mchanga wa kuchujia. Pampu ikakohoa, ikagoma. Akaitia mpira mpya, ikakubali kunguruma. Bwawa likajaa maji maangavu. Jioni mama, mke wa mzee, akaketi ukingoni, akatia miguu, akajikuta anacheka peke yake.

Kabla ya kuondoka, fundi aliweka ndoo ya maji kwenye ngazi ya bwawa, akachora mstari ndani ya ndoo, usawa wa maji yake, na mwingine nje, usawa wa maji ya bwawa. Akaeleza kuwa jua hunywa sawasawa, ndani na nje. Kesho maji ya bwawa yakishuka kuliko ya ndoo, basi linavuja, hakuna cha kubishana.

Usiku mama hakupata usingizi wa maana. Kulipopambazuka akajikongoja hadi bwawani, akachota vikombe viwili kutoka kwenye ndoo, akavimwaga majanini. Ndoo ikishuka, nani ataliona bwawa limeshuka? Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto, lakini angefanya nini, na mguu ni wake? Aliporudi kitandani, mzee naye akaamka, akasema anakwenda kumwagilia maua. Mama hakumuuliza tangu lini anajali maua. Mwenye hatia haulizi maswali.

Fundi alipofika aliinama, akatazama ndani, akatazama nje, akajikuna kichwa.

"Ndoo imeshuka mno," akasema. "Na bwawa limepanda. Mvua haikunyesha. Mimi bwawa linalojijaza lenyewe sijawahi kuliona."

Mama akatupa jicho kwenye mpira wa maji uliolala ovyo majanini, kisha kwenye suruali ya mzee, iliyolowa mpaka magotini.

"Ya ndoo ni mimi," akasema.

Mzee akakohoa, akatazama pembeni kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Nilikuona jana umetia miguu," akasema. "Sijakusikia ukicheka tangu hospitali."

Fundi, akijitahidi kuuma midomo asicheke, akasema basi itabidi wapime upya, maana mpaka sasa hakuna ajuaye kama linavuja au halivuji. Akanyoosha mkono aichukue ndoo.

"Iache," mzee akamwambia. "Likivuja, nitaliongezea maji kila asubuhi."

Akavua kandambili, akashuka ngazi ya kwanza na suruali yake ileile, akamnyooshea mkewe mkono. Mama akashuka taratibu, mkono mmoja kwa mumewe, mwingine umeng'ang'ania ukuta. Maji yalipomfika kiunoni, akauachia ukuta.