Sindano za Ndita

Mke wangu hulala kifudifudi. Tangu nimwoe, miaka thelathini na miwili sasa, sijawahi kuuona uso wake ukiwa usingizini. Mimi huona kisogo chake tu, na mto unaopanda na kushuka. Nalitaja hili mapema ili ieleweke nilibebeshwa mzigo gani asubuhi ile aliporudi nyumbani na vidoa vitano vyekundu kwenye paji la uso.

Yeye ni msimamizi wa zamu ya usiku katika chumba cha kufulia cha hospitali. Hutoka kazini saa kumi na mbili asubuhi, na kufikia saa moja na nusu yuko kitandani. Siku hiyo aliingia saa tatu na nusu, akasimama mlangoni mwa karakana yangu. Mimi ni fundi saa, nafanyia kazi chumba cha mbele.

"Fundi," akasema, "nimechomwa sindano."

"Unaumwa nini?"

"Siumwi. Za ndita."

Nikaweka kibano chini. Sikuuliza kwa nini, maana nilijua. Mwezi uliopita binti yetu, anayeishi mbali pamoja na mumewe, alipiga simu ya video ili tuongee na mjukuu. Mtoto ana miaka minne, na hatujamwona ana kwa ana tangu alipokuwa ananyonya. Bibi yake akausogeza uso karibu na simu ili amtazame vizuri mke mwenza wake, kama anavyomtania. Mtoto akapiga ukelele, akajificha nyuma ya kochi: "Bibi amekasirika!"

Hakuwa amekasirika hata kidogo. Ndita zile mbili katikati ya nyusi amezipata kwa miaka ishirini na sita ya kukagua madoa kwenye mashuka, chini ya taa hafifu. Alicheka kwenye simu, lakini kabla ya kwenda kazini nilimkuta mbele ya kioo akijivuta ngozi ya paji, nami niliumia kuliko nilivyoonyesha.

"Wanakuja baada ya wiki mbili," akasema akinipa karatasi ya masharti. "Daktari amesema kufikia hapo zitakuwa zimelainika. Safari hii hatanikimbia."

Nikakwepa macho yake. Jana yake usiku, yeye akiwa kazini, binti alikuwa amenipigia simu: baba, tumewahisha safari, tunafika kesho saa sita na nusu mchana, nakuomba usimwambie mama, nataka nimshtukize. Nami nikaapa, kama mjinga.

Nikasoma karatasi. Asilale wala kuinama kwa muda wa saa nne. Asiguse wala kusugua palipochomwa. Asikae kwenye joto. Usiku alale chali. Alichomwa saa tatu kamili, maana yake mpaka saa saba mchana mtu aliyekesha na mashuka alitakiwa kukaa wima kama mlingoti.

"Hukuweza kusubiri siku yako ya mapumziko?"

"Siku yangu ya mapumziko daktari naye anapumzika."

Nikamkalisha kwenye kiti cha wateja. Saa tano macho yalikuwa mazito. Akanyoosha mkono kuelekea ukutani.

"Ile inasema saa saba na dakika kumi. Naenda kulala."

"Ile ni ya mteja. Ni mbovu."

"Mbona mimi naiona nzima kabisa?"

Nikampigia hadithi, nikamwimbia, nikamtaka anitajie majina ya wafanyakazi wenzake wote. Alipofika wa sita usingizi ukamkatiza. Kichwa kikaanza kushuka kuelekea meza yangu, nilipokuwa nimepanga skrubu thelathini ndogo kuliko mbegu za nyanya. Nikarusha mkono nikamdaka kidevu. Karatasi ilikataza paji, kidevu haikukitaja.

Nilimwegemeza nyuma, akarudi mbele. Kumfunga kitini kwa mkanda wangu wa suruali niliona si heshima. Basi nikabaki nimesimama, kidevu chake kimetua kiganjani mwangu, naye anakoroma bila wasiwasi. Mwalimu mmoja mstaafu aliingia kuchukua saa yake, akatutazama kwa muda.

"Mama anaumwa?"

"Anapumzika."

"Na wewe?"

"Mimi namshikilia."

Akaondoka bila saa.

Ndipo nilipomtazama usoni vizuri. Zile ndita zilikuwapo palepale, hata usingizini. Dawa ilikuwa haijaanza kazi, na mtoto alikuwa njiani. Ataziona, atakimbia, na safari hii hakutakuwa na simu ya kuzima. Niliogopa kweli, na mkono ulikuwa umekufa ganzi.

Saa sita na nusu mlango ukafunguka. Binti akaingia na begi, kidole mdomoni akinionya ninyamaze, kisha akaona nilichoshika.

"Baba, mama ana nini?" akanong'ona.

"Nitakueleza."

Mtoto akachungulia nyuma ya sketi ya mama yake. Akasogea hatua moja, kisha ya pili, mpaka akafika magotini pa bibi yake.

"Amekasirika?"

"Amelala tu," nikamjibu.

"Mbona amekunja hapa?" Kidole kikaenda moja kwa moja katikati ya nyusi, akaanza kusugua kama anayefuta ubao.

"Usiguse!" nikafoka. Sikukusudia, sauti ilitoka yenyewe, kubwa. Mtoto akaruka nyuma, midomo ikaanza kumtetemeka.

Mke wangu akafumbua macho. Akamwona mtoto, akaona machozi. Hakuuliza wamefika lini wala wamefikaje. Akanigeukia mimi, na ndita zikajikusanya, nene kuliko nilivyowahi kuziona.

"Wewe mzee! Unamfokea nani? Mtoto katoka safari, hata maji hajanywa, unampokea kwa makelele? Huna haya?"

"Lakini karatasi inasema..."

"Karatasi imekuzalia mjukuu?"

Mtoto akamtazama bibi, akanitazama mimi, akamtazama bibi tena. Nilimwona akipiga hesabu zake: huyu mwenye uso wa kutisha yuko upande wangu. Akapanda magotini kwa bibi yake, akajiegemeza kifuani, akaninyooshea kidole.

"Bibi, mgombeze tena."

Macho ya mke wangu yakajaa, nikadhani atalia. Badala yake akanigombeza. Akaanza na soksi ninazoacha sakafuni, akaja kwenye sufuria niliyoiunguza wiki iliyopita, akamalizia na siku niliyomsahau mama yake kituoni, miaka kumi na tisa iliyopita. Muda wote huo mtoto alikuwa ametia kidole kwenye mkunjo, akisikia kinavyobanwa na kuachiwa, anacheka mpaka pumzi zinamwishia. Sikuthubutu kumkataza.

Binti akaenda jikoni kubandika chakula. Mimi nilisimama palepale nikasemwa mpaka kikaiva, na maishani mwangu sijawahi kufurahi kusemwa namna ile.