Pijo ya Mzee Mayala

Choo cha zamani kilititia na mvua, kwa hiyo Suzana akaanza kuchimba kingine nyuma ya nyumba aliyopanga Ilemela. Mtaa ule ni mawe matupu, lakini pale udongo ulikuwa laini kama wa shambani. Shimo lilipofika kiunoni, jembe likagonga bati. Lilikuwa paa la gari, Pijo. Akafukua hadi kwenye kioo, akakipangusa kwa khanga.

Kiti cha nyuma alikaa msichana mwenye sare ya shule. Akateremsha kioo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu," Suzana akajibu, ndipo akamtambua. Alikuwa Kashindye. Walikaa dawati moja darasa la sita. Mwaka ule wa msako wa wahujumu uchumi, matajiri walipokuwa wakifukia mali zao, ilisemekana amevuka ziwa kwenda kuolewa Nansio. Suzana alikuwa ameshazaa na kulea. Kashindye alikuwa bado darasa la sita.

"Mzee Mayala amerudi?" Kashindye akauliza. "Alisema ananisogeza nyumbani. Tukaona mgambo, akaniambia nilale chini nisubiri."

"Toka, Kashi."

"Akinikosa atakasirika."

Jirani, Mama Paskazia, akachungulia juu ya ua. "Mama Sabina, nani kakutuma kuchimba? Mume wangu anapakia samaki wa Mzee. Ukitutibulia, utatulisha wewe?"

"Kuna mtoto humu."

"Namwona. Si amekaa salama? Fukia."

Wengine nao wakaja kutazama. Mmoja akasema sare za kitambaa kile hazishonwi tena, na kilikuwa kitambaa kizuri. Kashindye akawaamkia. Hawakumjibu.

Suzana akamvuta binti yake Sabina hadi ukingoni. "Mwangalie vizuri. Mtu mzima akisema panda nikusogeze, umkumbuke huyu."

Sabina akatazama chini. "Mimi Mzee ameniambia atanisogeza Jumamosi," akasema.

Mzee Mayala mwenyewe akafika na pikapu mpya. Nyumba ile ilikuwa yake, na nyingine tatu mtaani. Tangu biashara iruhusiwe hakuwa na haja ya kuficha gari lolote.

"Pijo yangu, kiwanja changu," akasema. "Nani alikupa ruhusa?"

"Na huyu mtoto?" Suzana akauliza.

"Nimesema Pijo ni yangu. Na wewe katafute nyumba kwingine, mwanamke mchokozi."

Kashindye akatoa kichwa dirishani. "Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Subiri kidogo."

Kashindye akapandisha kioo. Vijana wa Mzee wakashika koleo. Suzana aliruka shimoni akang'ang'ania mlango. Wakamtoa kwa kumvuta mikono, Mama Paskazia akiwasaidia huku akimwita mchawi. Hadi jioni pale nyuma palikuwa pamesawazishwa, na mtu alishapanda matembele.

Jumamosi Suzana alimfungia Sabina ndani, akaketi mlangoni na panga mapajani, vyombo vyake vikiwa vimeshafungwa kwa safari. Sabina alilia ndani akisema mama anamwonea wivu. Pikapu ikaja polepole. Haikusimama kwake.

Kiti cha mbele alikaa Paskazia, wa rika la Sabina, amevaa gauni la kanisani. Mama yake alikuwa anaanua nguo. Aliitazama pikapu hadi ilipopinda kona, kisha akaendelea kuanua.