Namba ya Maumivu ya Arvid Tollefsrud

LaVonne Tollefsrud alikuwa ameishi na mumewe Arvid miaka hamsini na miwili. Katika miaka hiyo alimpikia, akamfulia, akamkata kucha za miguu alipovunjika nyonga, na mara moja alimchomoa mkono kwenye mashine ya kuvunia mahindi huku Arvid mwenyewe akimwambia hakuna haraka. Kumbe yote hayo alikuwa akiyafanya kienyeji. Ilibidi kwanza achunguzwe kama aliwahi kufungwa, apigwe picha iliyomfanya aonekane ametoroka jela jana yake, ndipo akapewa kadi ya plastiki iliyosema kwamba sasa yeye ni mtunzaji halali wa mgonjwa huyo. Kwa kadi hiyo aliruhusiwa kumnunulia mumewe bangi ya matone, ya kuweka chini ya ulimi. Kumpikia aliendelea kumpikia bila leseni.

Neno bangi lenyewe halikutakiwa. Dukani waliita "bidhaa", kwa sauti ya chini, kama watu waliofika msibani. Kanisani, akina mama wa kikundi cha kushona mablanketi waliita "yale matone ya Arvid". Hao hao ndio waliomnunia mke wa mchungaji mwaka mzima, enzi hizo, kwa sababu mwanawe alikutwa akivuta nyuma ya ghala. Sasa kila Jumatano mmoja wao alimvuta LaVonne pembeni, karibu na birika la kahawa, akamuuliza kama matone hayo yanafaa pia kwa magoti.

"Bangi?" LaVonne alikuwa akijibu, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni. "Sijui, mwenzangu. Jaribu."

Ila matone hayakuwa yamemsaidia Arvid hata kidogo, na hilo halikuwa la mzaha. Saratani ilikuwa imeingia kwenye mifupa ya mgongo tangu Oktoba. Vidonge vya hospitali vilimtapisha na kumwonyesha baba yake, aliyekufa zamani, amesimama mlangoni akimkumbusha kukamua ng'ombe. Arvid akavikataa. Tangu Jumapili alikuwa hajalala kitandani. Alikesha kwenye kiti cha jikoni, kifua kimeegemea meza, na alipoulizwa alisema anapenda tu pale. Daktari alikuwa amemwita LaVonne kando akamwambia zimebaki wiki chache. LaVonne hakuomba muujiza. Alitaka mumewe apate usingizi katika hizo wiki chache, basi.

Dawa yenyewe ilikuwepo. Dukani kulikuwa na chupa za aina tatu: hafifu, ya kati na kali. Kilichokosekana kilikuwa namba. Kanuni za duka zilitaka kila mgonjwa akija aulizwe maumivu yake ni ngapi, kutoka sifuri hadi kumi. Ukisema tatu kurudi chini, unapewa hafifu. Ukifika saba, unapewa kali. Na namba itoke kinywani mwa mgonjwa mwenyewe. Mtunzaji asijibu, asitikise kichwa, wala asikohoe kikohozi chenye maana. Ikishaandikwa, hubadilishiwi mpaka siku kumi na nne zipite.

Wiki mbili zilizopita Arvid aliulizwa, akasema, "Si mbaya sana." Alipobanwa atoe namba akasema mbili. Mfamasia, dada mmoja aitwaye Megan Pfeiffer, akaandika mbili na kumpa chupa hafifu, ambayo ilimfaa Arvid kama maji ya kunawa. Dada wa watu hakuwa na kosa. Alikuwa ametoka Chicago, mahali ambako, kwa kadiri LaVonne alivyoelewa, mtu akiumia husema anaumia. Hakuna aliyemweleza kwamba huku kaskazini mwa Minnesota "si mbaya sana" ndilo neno la mtu ambaye banda lake linaungua mbele ya macho yake. "Ingeweza kuwa mbaya zaidi" ni la mazishini. Kaka yake Arvid alisema anajisikia "hivi hivi tu" mezani siku ya sikukuu ya Shukrani, akafa kabla pai haijakatwa, na watu wakasema angalau alitoa taarifa.

Siku ya kumi na nne iliangukia Alhamisi, katikati ya Januari. Duka lilikuwa mwendo wa maili hamsini. LaVonne alishika usukani, na hawajafika hata barabara kuu akaanza.

"Leo utasema nane."

"Nane ni uongo."

"Haya, ni ngapi?"

Arvid alitazama mashamba yaliyofunikwa theluji kwa maili nzima. "Tatu," alisema. "Labda."

"Usiku wa jana ulikesha kwenye kiti."

"Nilikuwa naangalia theluji."

"Gizani?"

"Kulikuwa na mwezi."

"Arvid, wiki hii hakuna mwezi."

"Ndiyo maana sikuona vizuri."

LaVonne alikaza meno. Angeweza kuolewa na yule muuza matrekta wa Fargo, mtu aliyelia machozi akijikata kidole na karatasi. Alimkataa kwa sababu ya kelele.

"Na nane ni ya Clarence Bakken," Arvid aliongeza baada ya muda. "Clarence alikatwa mguu. Siwezi kwenda kuchukua namba ya Clarence."

"Namba haziishi, Arvid. Si vipande vya keki. Clarence anaweza kuwa na nane yake, na wewe ukawa na yako."

"Mbona mguu wangu upo?"

Dukani mlinzi alikagua kadi zote mbili. Alimtazama LaVonne, akaitazama picha, akamtazama tena kwa huruma, ndipo akawafungulia. Ndani kulikuwa na kochi laini na mmea wa plastiki kwenye chungu, ambao haukuwa bangi. Arvid hakukaa. Alisema amekaa vya kutosha garini. Alisimama ameshika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili, kofia ameibana chini ya kwapa, amejikaza kisabuni mpaka midomo imekuwa myeupe.

Megan Pfeiffer alifungua faili. "Habari za leo, Bwana Tollefsrud?"

"Siwezi kulalamika."

Megan akaandika kitu. LaVonne aliiona kalamu ikitembea, akasogea karibu na kaunta.

"Na maumivu, kutoka sifuri hadi kumi?"

"Aa, si mbaya sana."

"Nahitaji namba."

"Mbili," Arvid alisema. Akamtupia mkewe jicho, akaona afanye ukarimu. "Mbili na nusu."

"Muongo huyu," alisema LaVonne.

"Samahani, Bi. Tollefsrud. Mtunzaji haruhusiwi kujibu. Ukimjibia tena itabidi usubiri nje." Megan alisema hivyo kwa upole, na kweli ilionekana inamuuma. "Si kwamba nakushuku wewe. Kuna watu wanadai maumivu ya bibi zao ni tisa, halafu dawa wanakwenda kutumia wao."

"Mimi naonekana mtu wa namna hiyo?"

Megan aliitazama ile picha ya kwenye kadi, akaona ni busara kutojibu.

LaVonne alikuwa mtu wa kufuata kanuni maisha yake yote. Hata maktaba alirudisha vitabu siku moja kabla. Kwa hiyo alifanya kile ambacho mtu wa kanuni hufanya akikwama: aliomba asomewe. "Hebu nisomee, mwanangu. Nimekatazwa nini hasa?"

Megan alichukua jalada nene la kanuni. "Mtunzaji asitaje namba. Asieleze wala kudokeza kiwango cha maumivu ya mgonjwa. Asimwelekeze mgonjwa kwa ishara."

"Kuna lolote kuhusu ng'ombe?"

Megan alipitisha kidole ukurasa mzima, kisha akageuza ukurasa wa pili, maana alikuwa mtu makini. "Hapana. Ng'ombe hawamo."

"Vizuri. Basi niache niongee kidogo na mume wangu habari za ng'ombe."

Arvid alikuwa amefuga ng'ombe wa maziwa miaka arobaini na moja. Kuhusu afya yake mwenyewe angeweza kukudanganya mchana kweupe bila kupepesa jicho, lakini kuhusu ng'ombe hakuwahi kudanganya, hata mbele ya mnunuzi, na hiyo ilikuwa sababu mojawapo ya wao kutotajirika. LaVonne akasogea mbele yake.

"Tuseme una ng'ombe," alisema.

"Wa umri gani?"

"Mzee."

"Anakamuliwa?"

"Hapana, Arvid. Amestaafu. Tangu Jumapili hajalala chini. Anasimama ameegemea ubao, wakati mwingine magoti yanakunjika, anajiinua tena. Chakula anakinusa tu. Ukimgusa mgongo ngozi yote inatetemeka. Halii, wala hapigi teke. Ukiingia bandani anakutazama kama anakuomba radhi kwa usumbufu."

Arvid aligeuza kichwa upande wa pili. Hakuwa mjinga, alijua ni ng'ombe gani anayezungumziwa. Lakini swali la ng'ombe ni swali la ng'ombe, na mfugaji hawezi kulijibu ovyo.

"Daktari wa mifugo amekuja?" aliuliza.

"Amekuja. Anasema hatapona."

"Mm."

"Ungemfanyaje?"

 Mashine ya kupasha joto iliunguruma, ikazimika. "Leo ni siku gani?" Arvid aliuliza.

"Alhamisi."

"Basi ningekuwa nimempiga risasi Jumanne," alisema. "Si haki kumwacha mnyama hivyo."

LaVonne alikuwa ameupanga mtego huo ili ashinde, na alipoupata ushindi hakuutaka. Wiki nzima alikuwa akipiga kelele nane, nane, kama dalali wa mnada, na kumbe kwake pia nane ilikuwa namba tu, kitu cha kubishania na mume mkaidi. Jumanne alikuwa amemkaangia mayai. Arvid alipoyaacha, alimsema kwa kuharibu chakula. Alitamani aseme neno lolote la kejeli, maana hiyo ndiyo lugha aliyoizoea, lakini hakulipata. Aliogopa, na aliona aibu.

Megan Pfeiffer alikuwa ameiweka kalamu chini. "Bwana Tollefsrud," alisema, "bado lazima niandike namba."

Arvid alifikiri. "Andika tisa," alisema mwishowe. "Kumi iache. Anaweza kuja mtu anayeihitaji."

Chupa kali ilitolewa kabatini, ikabandikwa jina, ikatiwa kwenye mfuko mzito wa plastiki, mfuko ukafungwa kwa gundi na juu yake kukabandikwa karatasi nyekundu. Megan aliusukuma juu ya kaunta kuelekea kwa LaVonne na kusoma kanuni ya mwisho. Mfuko usifunguliwe mpaka mgonjwa afike nyumbani kwake. Usifunguliwe dukani, usifunguliwe mbele ya duka, na hasa usifunguliwe ndani ya gari. LaVonne akaweka sahihi kwamba amesikia na kuelewa. Kweli alikuwa amesikia.

Walikwenda maili nne. Kwenye reli gari liliruka kidogo, na Arvid hakusema kitu. LaVonne alikuwa amepanda gari na ukimya huo kwa nusu karne bila kuusikiliza, na sasa hakuweza kusikia kingine. Aliingia kwenye uwanja wa maghala ya nafaka, akaegesha upande usio na upepo, akaacha injini ikiunguruma, akautoa ule mfuko kwenye mkoba. Gundi ilikataa. Akaing'ata kwa meno yake ya bandia mpaka karatasi nyekundu ikachanika vipande viwili.

"Vonnie," alisema Arvid, akishtuka. "Umeweka sahihi."

"Inua ulimi."

"Wanaweza kukunyang'anya kadi."

"Watanikuta nyumbani. Inua ulimi, Arvid."

Akauinua. LaVonne akamdondoshea matone kama ilivyoandikwa kwenye chupa, akihesabu kwa sauti. Kisha wakakaa, kioo kikaingia ukungu.

Tangu Oktoba Arvid alikuwa akisafiri mkono wa kulia umeshika kile kishikio cha juu ya mlango. LaVonne alikuwa amemgombeza kwa hilo mara nyingi. Alidhani mzee anaogopa uendeshaji wake, na aliona ni dharau, maana hajawahi kugonga hata kuku. Baada ya kama nusu saa aliuona mkono huo ukilegea, kidole baada ya kidole, ukashuka taratibu mpaka ukatua juu ya paja. Mabega yakafuata. Arvid alivuta pumzi ndefu, ya kufika chini kabisa.

"Ilikuwa inauma vibaya, Vonnie," alisema.

"Najua," alisema LaVonne, na huo ulikuwa uongo, kwa sababu alikuwa amejua tangu saa tano tu asubuhi hiyo. Alitaka kumwambia hivyo, amwombe radhi, lakini alipogeuka Arvid alikuwa ameshasinzia, kichwa kimeegemea kioo. Akazima redio ili asimwamshe. Walibaki pale uwanjani mpaka wenye malori ya nafaka walipoanza kufunga kazi, kwa sababu nyumbani kulikuwa bado na maili arobaini na sita za barabara mbovu.