Mita Tisa za Sebule

Fundi aligonga ukuta mara tatu kwa mpini wa nyundo, kama anavyofanya siku zote kabla ya kubomoa, asikie kama kuna bomba ndani. Kutoka upande wa pili mama mwenye nyumba akajibu, "Karibu, mwanangu."

Fundi akafungua mlango, akamwamkia. Mama alikuwa kitandani anakunja nguo, redio yake ndogo inaongea.

"Umekuja kurekebisha dirisha?" akamwuliza.

Fundi aliona haya. Kazi aliyopewa ni kubomoa ukuta ule pamoja na mlango wake, chumba cha mama kiingie sebuleni. Mwana wa mama, aliyempa kazi hiyo, alisema ameshaongea naye. Kumbe alimwachia mkewe aongee, na mkewe akadhani mtu na mamaye wameshamalizana. Ndivyo nyumba ile ilivyo: kila mtu ana habari, isipokuwa mwenyewe.

"Ni kwa muda tu, mama," mwanawe alimwambia jioni, na kitanda kikahamishiwa stoo, kati ya mifuko ya saruji na friji bovu. Mama hakubishana. Alisema asante, na asante hiyo ilimuuma mkwewe kuliko matusi. Jamani, nani isingemuuma?

Siku ya kwanza ukuta ulianguka. Siku ya pili kifusi kilitolewa, na mlango ukaegemezwa uani. Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, mama alitoka stoo na mto wake kwapani, akakatiza kwenye vumbi, akashika kitasa pale kilipokuwa zamani, akavuta, akaingia, akafunga. Hakuonekana tena. Redio ikasikika, halafu kikohozi chake.

"Basi mimi nianzie upande wa jikoni," fundi akasema, akaendelea na plasta.

Ilipofika zamu ya vigae, ilibidi kupima mara mbili. Mama akiwa nje, sebule ilikuwa na mita tisa. Akiwa ndani ilikuwa na sita, na mkono ulikutana na ukuta usioonekana, wa baridi kama ukuta mwingine wowote. Fundi aliandika vipimo vyote viwili kwenye boksi la vigae. Akawa anapiga hodi hewani, na mama anatoka, anakaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa mpaka vigae vishike. Rangi nayo ikapakwa hivyo hivyo.

Mwanawe alikuwa na neno moja tu. "Mimi nataka mita tisa zangu. Mwambie mama akalale stoo."

"Mwambie wewe, bosi. Si ulisema umeshaongea naye?"

Bosi akacheka kidogo, akaenda kupokea sofa.

Lilikuwa la watu watano, wabebaji wanne wakitweta. Mama alikuwa ndani amejipumzisha, kwa hiyo mita tatu za mwisho hazikuwepo. Wakaliegemeza penye ukuta usioonekana, mbele ya mlango, na mlango ule hufungukia sebuleni.

"Hapo ni mlangoni kwa mama," fundi alisema.

"Mlango uko uani," bosi akajibu, na kweli ulikuwa uani. Fundi akakusanya vifaa vyake, akaaga. Wageni waliokuja kuiona sebule wakaingia, wakaketi.

Saa kumi mama aliamka. Kitasa kikalia. Kisha akagonga.

"Baba," akaita, maana mwanawe alipewa jina la babu yake, na ndivyo alivyomwita tangu mchanga. "Nifungulie, baba. Kuna kitu kimeuzuia mlango."

"Kuna mtu?" mgeni mmoja akauliza.

"Ni mama. Yupo chumbani kwake," mwanawe akajibu kwa heshima zote, akaongeza sauti ya televisheni. Mkewe akainuka, akatazamwa, akakaa.

Wageni wakaisifu sebule kwa mwanga wake na vigae vilivyonyooka. Yule aliyeketi katikati ya sofa akaomba mto wa kuweka mgongoni, kwa sababu sofa lilikuwa linamgonga. Akaletewa miwili.