Kunawa Mara Saba

Darweshi hakusema neno hata moja, na hapo ndipo ugumu wa kesi ulipokuwa. Mtu akikuita mwizi sokoni, unaweza kutafuta mashahidi waliomsikia. Darweshi alinawa tu.

Alinawa hivi. Kila siku ya soko pale Lushoto, Yunis aliposhusha madebe yake ya samli na kuyapanga mahali pake pa siku zote, mkabala na duka la Darweshi, yule bwana alitoka, akagusa mdomo wa debe kwa ncha ya kidole kama mtu anayetaka kuonja, kisha akarudi barazani kwake bila kuonja. Hapo alichukua birika. Alijimwagia maji, akasugua kidole kwa udongo, akasuuza na kusuuza tena mpaka zikatimia mara saba, taratibu, macho yake yakiwa kwa wapita njia wala si kwa Yunis. Kila Mwislamu aliyepita chuo cha Kurani utotoni alijua maana yake. Maji mara saba, moja kwa udongo, ni ya kuondoa najisi ya mbwa au ya nguruwe.

Naye Yunis, mama wa Eliudi, alikuwa Mlutheri, na kaka yake Abrahamu alikuwa akilisha nguruwe katika shamba la mzungu mmoja upande wa Magamba. Mji mzima ulilijua hilo. Hapakuwa na haja ya kuongeza neno.

Wa kwanza kupotea walikuwa wenye malori ya Tanga, waliozoea kuchukua madebe mazima. Wakafuata wapishi wa mjini. Mwisho wakapotea jirani zake wa miaka yote, wale waliokuwa wakileta kopo na kukaa kidogo kwa maongezi. Hao walipita upande wa pili wa barabara wakimsalimu kwa mbali, kwa adabu kubwa, na adabu hiyo ndiyo iliyomuuma kuliko yote. Akabaki na Wakristo wenzake, ambao wengi walisuka maziwa yao nyumbani kupata samli. Samli ikalala, ikaanza kubadilika harufu. Kule Shume, wanawake wa Kimbugu waliomletea siagi kwa kichwa, katika mvua na ukungu, wakatuma kuuliza kama waendelee au watafute mtu mwingine.

Asubuhi moja, Darweshi akiwa bado katikati ya kunawa kwake, Yunis alivuka barabara na kulipiga birika teke. Likabingirika hadi mtaroni, mdomo wake ukavunjika. Hakuna aliyecheka.

Kesho yake Yunis alikwenda kwenye baraza la wenyeji kufungua madai, kwamba Darweshi ameiharibia jina biashara yake kwa makusudi. Darweshi naye akafungua dai lake, la birika na fedheha.

Siku ya kesi chumba kilijaa hadi madirishani. Hakimu alikuwa Mzee Abdallah, mtu wa swala tano na maneno machache. Kando yake alikaa mshauri wake, Mzee Leonard, mzee wa kanisa.

"Shikamoo, mzee," Yunis alisema.

"Marahaba, Mama Eliudi. Tueleze."

Akaeleza yote, bila kupunguza wala kuongeza, pamoja na lile teke. Mzee Leonard alimsikiliza akiwa amekunja uso.

"Mimi kuna kitu sikielewi," alisema. "Kunawa ni kosa gani? Mimi mwenyewe nimenawa asubuhi hii."

"Ulinawa mara ngapi, mzee mwenzangu?" Hakimu alimuuliza.

"Mara moja. Maji ya huku ni baridi."

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Alimweleza mwenzake polepole maana ya maji saba na udongo, na alipomaliza, Mzee Leonard alimgeukia Darweshi.

Darweshi alisimama, kanzu yake nyeupe imenyooka kama karatasi mpya. "Waheshimiwa, tangu lini mikono ya mtu ikawa mdomo wake? Sikumtaja Mama Eliudi. Sikuitaja samli yake. Mimi ni wa kwanza katika wilaya hii kushtakiwa kwa usafi."

Alijibiwa kwa minong'ono ya kumkubali. Yunis aliisikia nyuma yake. Ikiwa baraza litasema kunawa si neno, basi hana pa kwenda tena. Darweshi atanawa mpaka kiama, naye atarudi kulima maharage ya watu.

"Mama Eliudi, una swali la kumuuliza?" Hakimu alisema.

Yunis alikuwa na kikapu miguuni. Akatoa humo kopo la samli lililofunikwa kwa jani la mgomba, akaliweka mezani.

"Bwana Darweshi, nataka jibu moja tu. Unanawa kwa sababu ya samli yangu, au sababu ni nyingine?"

Darweshi alilitazama kopo. Akisema ni kwa sababu ya samli, atadaiwa ushahidi, na hakuwa nao. Alipangusa paji la uso.

"Sababu ni nyingine," alisema.

"Basi onja."

Chumba kizima kikamtazama. Samli ilikuwa ya juzi, ya rangi ya dhahabu, na harufu yake ilishaenea hadi dirishani.

"Leo Alhamisi," Darweshi alisema. "Nimefunga sunna."

Sauti ya mwanamke ikatoka nyuma. Ilikuwa ya Mwanamwema, muuza vitumbua wa karibu na stendi. "Amefunga tangu saa ngapi? Vitumbua vyangu vya asubuhi kala nani, birika?"

Kicheko kikapasuka. Hakimu aligonga meza. "Mwanamwema, hukuitwa hapa."

"Sikuitwa, mzee wangu. Lakini sahani yangu bado iko dukani kwake, naomba anirudishie."

Darweshi alitazama sakafu. Alipoinua uso, sauti yake ilikuwa imeshuka. Akasema kweli alikuwa na shaka, na mwenye shaka ana haki ya kujitwaharisha.

"Shaka hiyo ilikuanza lini?" Mzee Leonard alimuuliza. "Kabla ya ile samli ya madebe unayoiuza sasa kufika dukani kwako kutoka Tanga, au baada yake?"

Darweshi alirudi kuketi.

Wazee walitoka nje kushauriana. Waliporudi, Hakimu alizungumza akiwa amesimama, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

"Tumeona kwamba kunawa kule kulikuwa ni kusema, na kwamba kulisemwa uongo. Darweshi atasimama mbele ya duka lake siku ya soko, atatamka mbele ya watu kwamba samli ya Mama Eliudi haina doa." Akamgeukia Yunis. "Lakini mama naye aliingia barazani kwa mtu akavunja chombo. Tunataka amani mjini. Kwa hiyo siku hiyohiyo, hapohapo, naye atamwomba Darweshi radhi. Mtapeana mikono, yaishe."

"Nimekubali," Darweshi alisema upesi.

Alikubali upesi mno, na upesi ule ndio uliomfumbua macho Yunis. Aliiona siku yenyewe: soko limejaa, punda, vikapu, makelele ya wauza mapeasi. Darweshi anasema lake. Yeye anasema lake. Walio mbele watasikia yote. Walio nyuma watasikia radhi, na watamwona Yunis akitoa mkono. Basi la abiria litakapofika Mombo jioni, habari itakuwa imeshageuka kwamba Yunis wa samli kamwomba Darweshi radhi. Nani atakayehangaika kuibeba habari ya birika mpaka huko chini? Watu wa mji huu walielewa kidole na udongo bila neno lolote. Neno zima wangelifanyia nini?

"Birika nitalilipa leo hii," alisema.

"Si birika, mwanangu," Hakimu alisema. "Ni neno moja tu."

"Yeye hata hilo moja hakulisema, mzee, na ona nilipo."

Mzee Leonard aliinama, akamsihi kwa Kishambaa, kwa sauti ya chini kama anavyoongea na wafiwa, akubali tu, afikirie mtoto wake na wale wanawake wa Shume. Yunis alimsikiliza mpaka mwisho. Macho yalimlowa, lakini hakuyapangusa.

"Suluhu ni ya wawili," Hakimu alisema. Hakuwa na ukali, alionekana amechoka. "Ukikataa la kwako, na la kwake linaanguka. Hatasimama sokoni. Utaondoka hapa kama ulivyokuja. Umenielewa, Mama Eliudi?"

"Nimekuelewa."

"Basi nakuuliza kwa mara ya mwisho."

Yunis alilifunika kopo lake kwa jani la mgomba, akalirudisha kikapuni. Kisha akamgeukia Hakimu.

"Nakuheshimu, mzee, na shikamoo yangu utaipata kila tutakapokutana. Lile teke nililipiga mimi, kwa mguu wangu, na kila mtu alione ni langu. Radhi siombi."