Kichwa cha Namelok

Namelok aliinamisha kichwa mlangoni pa boma, akangoja kiganja cha mama yake. Hakikuja. Nosim alikuwa ameificha mikono nyuma, chini ya shuka.

"Takwenya," mama alisalimu kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

"Iko," binti aliitika, akajiinua taratibu.

Miaka mitatu nyuma alimkimbia mzee aliyemposa, akaenda Karatu kutandika vitanda katika hoteli ya watalii. Leo ndiyo mara ya kwanza anarudi kijijini Nainokanoka, na mzazi asiyekugusa kichwa amekunyima baraka. Nosim alijua binti ameelewa hivyo. Iliuma, lakini afadhali mtoto anune kuliko augue.

Kwa miaka kumi na miwili ugonjwa wa ngozi wa soriasisi ulimvaa Nosim viwiko na magoti, magamba yakipukutika kama pumba, na bado aligusa kila kichwa kilichoinama mbele yake. Kisha, mwaka huo wa 2008, daktari mgeni akamwanzishia sindano mpya hospitalini Karatu, moja kila wiki mbili. Ngozi ikarudi laini kama ya ndama. Ila pajani, sindano ilipoingia, palivimba pakawa pekundu, pakawasha kana kwamba siafu wamepita. Muuguzi Leonida alimwonya harakaharaka: "Ni dawa tu hiyo, mama, itapoa. Usiguse, sawa? Usiguse kabisa."

Kiswahili cha Nosim kilikuwa cha mnadani. Cha hospitali kilimpita mbali. Alidaka neno moja, akapanda nalo mlima: usiguse. Tangu hapo wajukuu waliinamisha vichwa, wakaondoka navyo vilevile. Magamba yote yale hayakuwahi kumpa upweke wa namna hiyo.

Siku ya sindano mama na binti walipanda gari moja kwenda Karatu, wasisemezane. Leonida alipomaliza kuchoma, Nosim alimgeukia Namelok, akasema kwa Kimaasai, "Muulize. Nitakatazwa kugusa watu mpaka lini?"

Namelok alishtuka, akauliza.

Leonida alianza kucheka, akaona macho ya mama yule, akaacha. "Jamani, mama yangu! Nilisema usiguse uvimbe, usiukune. Watu waguse tu. Ugonjwa wako hauambukizi, wala uvimbe huu haumhamii mtu."

Namelok alitafsiri. Kisha akauliza alilolibeba tangu mlangoni. "Yeyo, mama, kwa hiyo hukuwa na kinyongo?"

"Nilikuwa nacho," alisema Nosim. "Kiliisha kabla ya magamba."

Palepale, mbele ya wagonjwa waliokuwa benchini, Namelok aliinama. Nosim alitazama viganja vyake kwanza, akavifuta kwenye shuka, ingawa havikuwa na kitu. Halafu akakishusha kimoja. Chini yake kulikuwa na misuko ya mjini, migeni kabisa kwa mkono wake, akaipapasa mstari kwa mstari.

"Takwenya," alisema.

Namelok hakuitika upesi. Akishaitika, kiganja kingeondoka.