Kona ya Veranda

Muchangi wa mtaa wa Majimbo alituma ramani ya nyumba kwenye grupu la wachoraji wa ramani kwa kompyuta, akasema ni kazi yake. Wenzake wakammiminia sifa, hasa kwa veranda iliyopinda upande mmoja. Akajigamba kwamba kona hiyo inavuta upepo.

Gacheri alisoma, akasonya. Ramani hiyo aliichora yeye, ya nyumba ya mamake kule Kanyakine. Aliituma humo humo mwaka jana kuomba maoni, asijibiwe na yeyote. Watu wazima, kutwa kuombana programu za wizi, halafu wanajiita wabunifu. Upepo gani? Veranda aliipinda ili isipite juu ya kaburi la babake.

Akaandika chini ya sifa zote: "Bwana Muchangi, na wewe hapo umemzika nani?"